Swali la Tatu

Swali la tatu nililiongeza mwenyewe. Mawili ya kwanza yalikuwa yamechapishwa kitabuni, chini ya hadithi: wataje wahusika na ueleze tabia zao, kisha, hadithi hii ina ujumbe gani? Yangetosha kabisa. Lakini nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, nimetoka chuo cha Kaaga na cheti changu cha ualimu, na bado nilikuwa na kiburi cha kudhani kwamba darasa ni la mwalimu. Nikachukua chaki nikaandika: Eleza habari za mtu aliyekutendea wema ambao hukuutarajia. Kisha nikasimama kando ya ubao nikiutazama mwandiko wangu, nimeridhika. Nikikumbuka hivi leo naona aibu.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na wapigania uhuru waliokuwa msituni. Shule yetu ilikuwa juu kidogo ya Karurumo, vyumba vitatu vya udongo na nyasi, na mimi mtu wa Meru sikuwa na ndugu hata mmoja upande huo wa Embu. Watu walikuwa wameondolewa mashambani mwao wakarundikwa katika kijiji kimoja, nyumba zimekaribiana hata ukikohoa jirani anakuitikia. Kijiji kilizungukwa na handaki refu lenye vijiti vilivyochongwa, na handaki hilo walilichimba wanawake, maana wanaume wengi walikuwa kambini au hawajulikani walipo. Kila asubuhi homgadi, askari wa kienyeji wa serikali, alisimama langoni na daftari lake akaita majina ya kazi ya lazima. Asiyeitika alifuatwa nyumbani. Mara ya pili alipelekwa kituoni, na huko hakuna aliyerudi akitembea vizuri.

Sote tulikuwa tumechoka, na sisemi uchovu wa kwisha kwa kulala. Watoto walisinzia wakiwa na kalamu mkononi. Mimi nilikuwa nikipanga la kufundisha kesho, nikajikuta nimepanga la jana. Mwalimu mkuu, mzee mpole aliyekuwa na pumu, aliacha hata kutugombeza tulipochelewa.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Mjane anavuka mto na mzigo wa mahindi, mto umefurika. Mwenye kinu cha kusagia, mtu aliyechukiwa na wote kwa ulimi wake mkali, anaingia majini akamvusha, akamsagia mahindi bila malipo, halafu akamfokea aondoke upesi asimzibie mlango. Darasa la nne walibishana juu ya mtu huyu nusu saa nzima, na ni siku nyingi sikuwa nimewasikia wakibishana juu ya kitu chochote. Mvulana mmoja alishikilia kwamba mwenye kinu alikuwa na nia ya kumroga mjane. Mwingine akasema mtu mwema hafoki. Nikawauliza, je, mama zenu hawafoki? Walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichonilevya hadi nikaongeza swali langu.

Mbele, karibu na dirisha, alikaa msichana wa miaka kumi na mitatu hivi aliyekuwa hodari kupita wote. Hakucheka. Aliandika bila kuinua kichwa mpaka kengele ikalia.

Nilisahihisha siku hiyohiyo ya Alhamisi, watoto walipokwisha kwenda, kwa sababu kesho yake mkaguzi alikuwa anakuja. Tangu shule nyingi zilipofungwa kwa kushukiwa, mkaguzi hakuja kutazama hesabu na mwandiko peke yake. Alisoma madaftari ya darasa la nne ukurasa kwa ukurasa, akitafuta wimbo uliogeuzwa maneno, jina la mtu, salamu za msituni. Alichokitilia shaka alikipeleka kwa ofisa wa tarafa. Mambo haya niliyajua vizuri. Niliyajua wakati ninaandika swali lile, na bado nikaliandika.

Majibu mengi yalikuwa ya kawaida. Nyanya alinipa ndizi. Mtu alinishika mkono nisianguke. Nikafika kwenye daftari la yule msichana, nikasoma hivi:

"Mhusika wangu ni homgadi anayeita majina kijijini kwetu. Tabia yake ya nje ni ukali, hata salamu haitikii. Tabia yake ya ndani ni huruma. Mama alipojifungua, homgadi huyu aliandika siku tano kwamba mama yuko kwenye handaki, na mama alikuwa ndani na mtoto. Hakuomba hata yai. Ujumbe wangu ni kwamba sauti ya mtu haitoshi kumjua."

 Huku, kama kwetu Meru, mzazi hatoki nje siku za kwanza. Wanawake humletea uji wa wimbi, na jembe haligusi. Desturi hiyo ilikuwa imekanyagwa kama nyingine zote. Mwaka huo nilishaona mwanamke akichimba na damu ikimtoka. Homgadi mmoja alikuwa ameiheshimu kwa njia pekee aliyokuwa nayo, kwa kuandika uongo katika daftari la serikali. Nami nilikuwa nimempa mtoto kalamu na swali, akamshtaki kwa kumsifu. Mkaguzi akisoma maneno hayo, homgadi angefungwa, na mama mwenye mtoto wa wiki tatu angepelekwa kituoni.

Ningeuchana ukurasa. Lakini madaftari yalitoka yamepigwa mhuri kila ukurasa, na muhula uliopita mwalimu wa shule ya jirani alichana mmoja, akachukuliwa kuhojiwa, na darasa lake hadi sasa lilikuwa halina mwalimu. Ningemwaga wino, mkaguzi angeuliza wino umeficha nini. Kafyu ilikuwa inakaribia, na mwalimu mkuu alikuwa mlangoni akingoja madaftari ayafungie kabatini. Hakukuwa na nafasi ya kumfuata msichana kijijini, na kwa kweli nilimwogopa pia. Mtoto aliyeandika ukweli mzima namna ile, ningemwambia nini hata akubali kuuficha?

Nikachovya kalamu katika wino mwekundu, nikaandika chini ya jibu lake, kwa herufi kubwa: "Uongo. Hakuna askari wa namna hii. Mwanafunzi aeleze mambo yaliyotokea. Sufuri."

Lilikuwa jibu bora kuliko yote niliyowahi kusahihisha, na hadi nilipostaafu sikupata jingine la kulifikia.

Mkaguzi alifika asubuhi na baiskeli yake, viatu vimejaa vumbi, naye akionekana kuchoka kama sisi. Alikaa mezani pangu akasoma mbele ya darasa. Alipofika kwenye daftari lile alisoma mara mbili. Kisha akamwita msichana mbele, akamwekea daftari wazi chini ya macho yake, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtoto yule kuona nilichomwandikia. Niliona macho yake yakipita juu ya maandishi mekundu, yakarudi mwanzo, yakapita tena. Hakunitazama.

"Huyu askari ako ama hako?" mkaguzi akamuuliza. "Kama ako, niambie jina lake."

Nilishika ukingo wa meza. Nilijua mtoto huyo hajawahi kusema uongo mbele yangu, na nilijua anajivunia jibu lake. 

"Hako, bwana," alisema. "Nilitunga tu."

"Na mama yako?"

"Mama alienda kazi kila siku."

 Sijui kama mkaguzi aliamini. Siku nyingine hufikiri kwamba hakuamini hata kidogo, akachagua kuchoka. Alitia sahihi chini ya sufuri yangu, akaniambia nimchape viboko sita kwa kulichafulia jina jeshi la ulinzi kwa hadithi za kubuni, na niwafundishe watoto kusema kweli. Nilimchapa mwenyewe, mbele ya wote, mikononi. Sikuweza kuchapa polepole, maana mkaguzi alikuwa anahesabu.

Wakati wa mapumziko nilimkuta nyuma ya darasa amebana mikono kwapani. Nilitaka kumwomba msamaha. Nikamuuliza tu kwa sauti ya chini kwa nini alijibu vile.

"Mwalimu, hujawahi kuniandikia kosa na si kosa," alisema. "Nikajua kuna kitu."

Nikaenda nyuma ya choo nikalia mpaka kengele.

Laiti yangeishia hapo. Mwisho wa mwaka ulikuwapo mtihani wa darasa la nne, na bila kuupita mtoto hasongi mbele. Anarudi nyumbani na jembe. Shule yetu iliruhusiwa kupeleka watoto wanane tu, kwa kufuata alama za kazi zilizokaguliwa. Kazi ile ilikuwa imekaguliwa na sufuri ilikuwa na sahihi. Nilijumlisha mara tatu, nikijaribu kila njia niliyoijua. Alikuwa wa tisa. Nilimwendea mwalimu mkuu nikamwomba tumwingize, nikiizunguka sababu nisiyoweza kuitaja. Alinisikiliza, akapumua kwa shida, akasema tukibadilisha alama moja iliyotiwa sahihi, watataka kujua kwa nini. Alikuwa na haki. Nikaandika orodha, nikapiga mstari chini ya jina la nane kwa rula.

Wiki iliyofuata mama yake alikuja shuleni. Nilimwona kwa mbali akipanda, mtoto mgongoni na kikapu kichwani, na udongo mwekundu wa handaki bado uko miguuni. Nilijua amekuja kunitukana, na nilikuwa tayari. Nilikuwa hata nimepanga kutojibu neno. Alitua kikapu mbele yangu. Ndani mlikuwa na njahi, maharagwe meusi, zilizochaguliwa safi, chakula wanachopewa wanawake waliojifungua. Bila shaka zilikuwa zake alizoletewa, na hakuzila zote.

Alizungumza Kiembu polepole, kwa sababu ya Umeru wangu, nami nikaelewa yote.

"Mtoto ameniambia uliandika nini," alisema. "Yule mtu ako na watoto wanne, mwalimu. Wangekula nini? Huyu wangu atalima, kulima si kufa. Wewe pika hizi upate nguvu, umekonda."

Nikamwambia siwezi kuzipokea. Akasema kikapu anakihitaji leo, basi nitafute chombo cha kumwagia. Nikaleta sufuria yangu. Alimimina bila kumwaga hata moja, akamrekebisha mtoto mgongoni, akashuka kwenda kwenye zamu yake. Nilibaki pale na sufuria imejaa mikononi. Maisha yangu yote nimefundisha watoto kumwelewa mtu mwema katika hadithi, tabia zake za nje na za ndani, lakini hakuna kitabu kilichonifundisha nimfanye nini anaposimama mbele yangu na mimi ndiye niliyemkosea. Nilitamani anitukane.