Mjumbe Huru wa Mama Nakala

Wapiga chapa wote wa mji ule walimjua Mama Nakala, na wengi wakimwona anakata kona walishika simu masikioni wakajifanya wana mazungumzo mazito. Sheria ilitaka kila kitabu kinachochapishwa kiletwe maktaba kuu, bure, kikahifadhiwe. Basi sheria hiyo ilikuwa yeye, na viatu vyake vya raba na mkoba begani. Hakubagua. Alidai riwaya, alidai vitabu vya mahubiri, alidai hata mwongozo wa kufuga sungura. Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa akisema, "Mimi nikibisha hodi nakaribishwa chai. Mke wangu akibisha, watu wanazima taa."

Vitabu hivyo alivilaza katika chumba cha nyuma ya ngazi, kikavu kuliko vyote katika jengo lile, chenye rafu za chuma mpaka darini na harufu ya gundi. Mama Nakala alikipenda chumba hicho kuliko sebule yake, na wala hakuficha. Sasa wizara nayo ilikuwa imekipenda. Ilitaka ukumbi wa mikutano wenye kiyoyozi, na vitabu vihamishiwe bohari la nje ya mji, ambalo paa lake lilivuja tangu lilipojengwa na panya wake walikwisha kupata vitukuu.

Kilichobaki kuzuia ni kifungu kimoja cha sheria: hakuna kuhamisha nakala bila ushauri wa jopo la watu watano. Wawili wa wizara wangesema vihame. Wakutubi wawili wangesema vibaki. Wa tano alitakiwa awe mjumbe huru, mtu baki asiye na maslahi, na huyo ndiye mwenye kuamua. Jopo la zamani lilikuwa limekufa kimyakimya, wengine kwa uzee na wengine kwa kuchoka. Mkurugenzi wa maktaba akamwita Mama Nakala, akamwambia aandike masharti ya huyo mjumbe huru kisha amtafute.

Mama Nakala aliwaogopa wachapishaji kama kuku anavyomwogopa mwewe, maana hao wangefurahi kuona utaratibu mzima wa kutoa nakala bure unazikwa. Ili asipenye hata mmoja wao, aliandika kwamba mjumbe huru asiwe mtu ambaye kitabu chake kimewahi kuwekwa katika hazina ile, kiwe alikiandika au alikichapa. Mkurugenzi alisoma, akacheka, akasema, "Hapa umeziba kila tundu." Akatia saini. Mama Nakala alirudi nyumbani amejaa furaha, akampikia fundi wa majokofu chakula cha siku ya harusi.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alipoanza kutafuta, aligundua kuwa kila mwenye kujali vitabu alikwisha kuandika kimoja. Daktari aliandika juu ya shinikizo la damu, jaji mstaafu aliandika maisha yake, mchungaji alichapa mahubiri yake. Na vyote hivyo viko rafuni, yeye ndiye aliyevidai. Wale ambao hawakuwahi kuandika chochote waliuliza kwanza habari za posho. Wakisikia ni nauli na soda, hapohapo walikumbuka wana msiba.

Mwisho akamkumbuka Mwalimu Tisa. Alimfundisha hesabu utotoni, naye hakuwahi kumpa mwanafunzi yeyote alama kumi, akidai kumi ni ya malaika. Tangu astaafu alikuwa anakuja maktaba kila asubuhi kusoma magazeti, na gazeti lililokunjwa vibaya alilikunja upya. Mama Nakala akamfuata nyumbani kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kudai nini?"

Akamweleza. Mkewe ndiye aliyejibu toka jikoni. "Mwambie anakubali. Tangu astaafu hakuna aliyemwita popote ila kwenye mazishi."

Wiki ile nyumba ya Mwalimu ilichangamka. Mkewe alipunguza kiuno cha suruali ya suti, maana mzee alikuwa amekonda. Mwalimu naye aliisoma sheria yote mpaka mwisho, kisha akaja maktaba kukitazama chumba. Alipita kati ya rafu mikono nyuma, akasema, "Hapa pasiguswe." Mama Nakala alikwenda chooni akafuta machozi.

Siku moja kabla Mwalimu hajasailiwa na mkurugenzi na watu wa wizara, Mama Nakala alikuwa anapangusa rafu ya hesabu. Kidole chake kikagonga kijitabu chembamba cha mazoezi ya sehemu, kimebanwa pini mbili, na jina la Mwalimu limechapwa juu. Alikumbuka: miaka mingi nyuma, alikwenda yeye mwenyewe shuleni na mkoba wake, mzee wa watu akimwambia hiki ni cha watoto wangu tu darasani, naye akang'ang'ana mpaka akapewa.

Jioni alikuwa sebuleni kwa Mwalimu.

"Hakuna anayekijua ila mimi na wewe," alisema. "Wakikuuliza, sema hapana. Basi."

"Kwani ni uongo mdogo?"

"Ni kijitabu, Mwalimu. Si kitabu."

"Ulipokuja kukidai uliniambia ni kitabu."

Mkewe aliitazama suti iliyoning'inia mlangoni, akasema polepole, "Baba, safari hii moja tu." Mwalimu alimsindikiza mgeni hadi barabarani, akamtakia usiku mwema, na Mama Nakala akalala na tumaini lake.

Kesho yake alisubiri kwenye korido. Mwalimu hakukaa sana ndani. Alitoka ameshika kofia.

"Wameniuliza," alisema. "Nimewajibu."

"Ulishindwa kusema neno moja tu?"

"Nilikuwa nalo mdomoni, mwanangu. Halikutoka."

Alimchukia. Alimchukia mzee yule kwa moyo wake wote, na zaidi kwa kuwa hakuwa na kosa la kumtajia.

Kiti kilimwendea muuza matairi, rafiki wa watu wa wizara. Huyo alikuwa huru bila ubishi, maana hakuwahi kukanyaga maktaba yoyote. Alipotembezwa chumbani aliuliza kama karatasi hizi zinauzwa kwa kilo. Jopo lilikaa mara moja, na chai haikupata nafasi ya kupoa. Vihame.

Siku ya kuhama, vibarua walivijaza vitabu kwenye magunia kama viazi. Mwalimu Tisa alikuja bila kuitwa, akavua koti, akaanza kuteremsha vitabu vya rafu za juu na kuvipanga. Mama Nakala hakumsemesha. Asubuhi nzima walifanya kazi bega kwa bega kama watu wasiojuana. Walipofika rafu ya hesabu, Mama Nakala alikichomoa kile kijitabu, akakifuta vumbi kwa kanga yake na kumnyooshea.

"Chukua. Kule kitaoza."

Mwalimu alikipokea. Alikifungua kurasa mbili tatu, akatabasamu kidogo alipoliona zoezi fulani. Kisha akafika penye mhuri wa maktaba, akakifunga.

"Kina mhuri," alisema, akakitumbukiza guniani.

"Mwalimu, hakuna anayehesabu. Kitaliwa na panya. Hutakiona tena."

"Najua."

Mama Nakala alikaa kwenye rafu tupu akalia waziwazi mbele ya vibarua, hajui analilia vitabu au analia kwa hasira juu ya mzee huyu asiyejua kuiba hata kilicho chake. Mwalimu alingoja kidogo, akaona hakomi kulia. Akaufunga mdomo wa gunia kwa kamba, akalitwika begani, akalipeleka mwenyewe kwenye lori.