Kisu Chenye Uzi Mwekundu

Saa tatu kasoro dakika ishirini asubuhi, Shangazi Karoti amesimama katikati ya jiko la shule ya chekechea, mikono hewani, hathubutu kugusa kitu. Kengele ya chai inagongwa saa tatu kamili, na watoto sitini na wawili wanasubiri mikate.

Mezani pana mabakuli mawili. La bluu lina siagi ya karanga iliyochanganywa na karoti na hoho. Jeupe lina vitu hivyohivyo, ila mahali pa karanga pana mbegu za maboga. Hilo ni la mtoto mmoja tu, binti wa miaka minne, mtoto wa fundi cherehani, ambaye karanga ikimgusa ulimi koo linavimba na pumzi inakatika.

Kisu cha bakuli jeupe kimefungwa uzi mwekundu mpinini. Sasa hivi kimelala ndani ya bakuli la bluu.

"Nimekitia saa ngapi humo?" anajiuliza kwa sauti. "Kabla ya kupaka mkate wake, au baada? Mungu wangu, sikumbuki!"

Wa kumlaumu hayupo. Huu ni mwaka wa tisa yuko peke yake jikoni humu. Anakaanga, anasaga, anakwaruza karoti na kuzikamua kwa kitambaa mpaka maji yaishe, maana zikibaki na maji mkate unalowa. Ndimu, chumvi, robo saa kazi imekwisha. Haraka hiyo ndiyo sifa yake, na leo ndiyo imemponza.

Mwalimu mkuu anachungulia mlangoni. "Shangazi, vipi? Mbona umepauka hivyo?"

"Mwalimu, mtoto wa fundi cherehani asipewe kitu mpaka nije mwenyewe."

"Si umeshampakia chake?"

"Nimempakia. Ndicho ninachokiogopa."

Bakuli jeupe linamwagwa lote jalalani, na mkate wake. Ananawa mpaka viwikoni, anafungua kopo la mbegu zilizokaangwa, anashusha kinu kidogo na kisu kingine, vyote visivyoijua karanga. Anatwanga huku akitazama saa. Karoti inamponyoka, kidole kinachubuka.

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," ananong'ona, akikifunga kidole na kuanza karoti nyingine.

Saa tatu na dakika kumi na mbili, mtoto anapata mkate wake, wa mwisho darasani. Shangazi anasimama pembeni, macho yote shingoni mwa mtoto.

"Shangazi, mbona unaniangalia?"

"Kula, mwanangu. Kula taratibu."

Hakuna kilichotokea. Lakini mchana, mama wa mtoto alipofika kumchukua, sindano za kazi bado zimechomekwa kwenye kola, Shangazi alimfuata getini bila kuitwa.

"Dada, leo nusura nikuulie mtoto," alimwambia, na akaeleza yote.

Mama alimvuta binti yake, akampapasa shingo, akampapasa tena. Kisha akasema, "Asante kwa kuniambia."

Kuanzia Jumatatu karanga haitaingia tena jikoni humu. Shangazi amekwishaamua, na mwalimu mkuu amekubali. Mbegu za maboga ni kazi zaidi kuzimenya, na watoto wengine wameizoea karanga yao. Je, hawatanuna?

"Wanune tu," anasema, akisugua meza kwa mara ya tatu. "Mtoto akinuna, ujue anapumua."