Gogo la Kitonga

Kufika saa nne asubuhi nilikuwa nimeshamaliza matusi yote ninayoyajua. Nilikuwa nimekaa kwenye usukani katikati ya mtaa mmoja wa Kariakoo, nyuma yangu tela refu lililojaa marumaru ya kupeleka Mbeya. Mbele lori lilikuwa linashusha mabelo ya mitumba. Nyuma guta na bajaji zimepangana hadi kona. Ubavuni machinga mmoja alikuwa ameona kivuli cha tela langu, akapanga viatu vyake pale, vingine akaviegemeza kwenye tairi. Nilipompigia honi alinyanyua mkono.

"Suka, tulia. Leo hutoki," akasema, akaendelea kumvisha mteja raba.

Simu ikaita. Alikuwa tajiri, ndivyo tunavyomwita mwenye gari, na hiyo ilikuwa mara ya tatu.

"Umetoka?"

"Bado, bosi."

"Ukitoka unapita Kitonga. Habari za Dodoma sitaki kuzisikia, mafuta sichimbi mimi."

Njia ni mbili. Ukishapita Morogoro, unaweza kunyoosha Mikumi, ukafika Ruaha Mbuyuni na kuupanda mlima Kitonga. Au unakata Dodoma, unapita Mtera hadi Iringa. Huko nako kuna mlima, Nyang'oro, lakini magari ni machache na ukikwama unakwama kwa nafasi yako. Kitonga ni kona juu ya kona, ukuta wa mawe upande huu, bonde upande ule, na nyuma yako foleni ya watu wenye haraka. Ni njia fupi, na tajiri anapenda njia fupi kwa sababu hapandi yeye.

Kwenye gari letu Kitonga, tofauti na Nyang'oro, ilikuwa na utaratibu wake. Mzigo ukiwa mzito naweka gia namba moja, na utingo, msaidizi wangu, anashuka na gogo. Anatembea kando ya tairi za nyuma mlima mzima, ili gari likishindwa likaanza kurudi, alisukume gogo nyuma ya tairi kabla tela halijatuvuta sote bondeni. Magari mengi utingo ni kijana. Wangu alikuwa mzee, amenipita miaka kumi na tano, mtu wa Songea, mpole hadi ananiudhi. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, halafu ananiita dereva kana kwamba mimi ndiye mkubwa.

Safari mbili zilizopita nilikuwa nimeona anapanda garini kwa kujivuta na mikono. Nikajifanya sijaona. Kosa langu la kwanza hilo.

Saa tano nyuma pakafunguka kidogo. Machinga akakusanya viatu vyake huku ananung'unika, na mzee akashuka kuniongoza nirudi kinyumenyume. Namsikia: "Rudi, rudi, kata kushoto, rudi." Halafu kimya. Nikatazama kioo, sikumwona. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote, nikaruka chini.

Nilimkuta amekaa kwenye lami, hatua moja kutoka kwenye tairi, machinga amemshika kwapa.

"Nimeteleza tu, dereva."

Lami ilikuwa kavu. Nikapandisha suruali yake. Goti lilikuwa limevimba kama embe dodo. Nilimgombeza mbele za watu, nikamwambia alitaka nimuue nikafungwe. Akashusha suruali yake.

Tukarudi garini, na ule mwanya ukawa umeshazibwa na guta jingine. Nilikaa pale nikijiona nimebanwa kila upande. Nikimwambia tajiri kuhusu goti, mzee anafukuzwa leo leo, na kwa umri ule nani atampa gari? Nikinyamaza, kesho anapanda Kitonga kwa mguu mmoja, na gari likirudi hawezi kuruka pembeni. Nilimpenda yule mzee. Sikuwahi kumwambia, maana kwetu barabarani hayo hayasemwi. Nikateremka, nikaenda kusimama kwa muuza kahawa ili mzee asinisikie, nikapiga simu.

"Bosi, Kitonga siendi. Naogopa."

Kwanza akacheka. "Miaka yote hiyo?"

"Naogopa, bosi. Tupe Dodoma."

Nilipolitamka neno hilo nikahisi si uongo mtupu. Nilidhani atafoka kisha akubali. Hakufoka. Akasema nimsubiri mtu.

Mtu akaja baada ya saa moja, kwa miguu kutoka Ilala, na kibegi. Dereva mpya. Nikampa funguo. Nikamwambia mzee ashuke, twende zetu.

"Utingo ni wa gari, dereva," akasema. Hakushuka.

Nikamfuata yule mpya, nikamwomba akifika Kitonga amwache mzee akae ndani.

"Na gogo atalitembeza nani? Wewe?"

Kumweleza habari ya goti kungekuwa kumchoma mzee kwa tajiri. Gari likachukua saa mbili nyingine kutoka kwenye ule mtaa, na saa zote hizo nilisimama ukutani kama mdaiwa, nikimtazama mzee dirishani. Alikuwa anatazama mbele. Machinga akanipa ndoo niikalie.

Kesho yake jioni mzee alipiga simu. Upepo ulikuwa mwingi.

"Tumeshapanda."

"Goti?"

"Nimetembea mlima wote. Gari halikusimama hata mara moja."

Nilimshukuru Mungu, nikajikuta nalia. Nikamwambia nilijitia woga kwa ajili yake, nilitaka kumwokoa.

"Ungeniuliza," akasema. "Ningekuambia unipandishe mlima wewe mwenyewe. Wewe ukiona kwenye kioo nimechoka, ulikuwa unapunguza mwendo. Ulidhani sijui? Huyu mpya hakunitazama hata mara moja. Nimekimbia, dereva."