Rimoti ya Mwenye Mizani

Miungu wetu wawili walizaliwa kwenye meza ya kulia, nyumbani Komarock, Jumapili moja baada ya ibada. Nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na kitambulisho, na nilijua fika kwamba wenzangu wa rika langu hawachezi michezo ya kubuni. Sikujali. Wiki nzima nilikuwa nikipokea simu za wateja wenye hasira, na Jumapili nilitaka ulimwengu ambao hasira yake naipanga mimi.

Wa kwanza alikuwa Mwenye Mizani, mungu wa haki. Makasisi wake huvaa njuga miguuni wasije wakamnyemelea mtu, na hawaruhusiwi kuketi kesi inapoendelea, maana si vyema kustarehe mwenzako anapohukumiwa. Wa pili alikuwa Mwenye Leso, mungu wa huruma. Makasisi wake hubeba leso mbili: moja ya kujifunga, nyingine ya kumfunika yeyote atakayeaibishwa mbele yao. Hiyo ya leso mbili niliiba kwa mama, ambaye hajawahi kwenda kanisani bila leso ya akiba mkobani.

Tulikuwa wachezaji watatu. Mimi nilisimulia na kuwa kasisi wa Mizani. Mdogo wangu wa kiume alikuwa kasisi wa Leso. Jirani yetu wa mlango wa pili, dada anayeuza mapazia Eastleigh, alicheza mkosaji yeyote aliyehitajika, kwa sababu watu wema, alisema, wanamchosha. Kete tuliazima kwenye ludo.

Mama alitujia na birika mkononi akataka kujua kama kuna mtu anayewaomba hao miungu. Tukamwambia hakuna, ni wa hadithi tu. Akauliza mara ya pili, akaridhika, akaketi kutumiminia chai. Baada ya nusu saa alisema huyo Mwenye Leso anadekeza watu.

Baba alikuwa kwenye kochi lake, gazeti usoni, rimoti ya televisheni mkononi. Televisheni ilikuwa imezimwa, lakini rimoti haikuwahi kutoka kwenye mkono ule. Ukitaka kubadilisha kitu, ulimwomba baba, naye akafikiria.

Sasa niseme jambo lililokuwa likinikera kuliko wateja wote. Baba na mdogo wangu walikuwa hawazungumzi, mwaka wa pili huo. Mdogo wangu alikuwa amepelekwa chuo cha Biblia, na baba alikuwa ametangazia kanisa zima, pamoja na ukoo wote kule magharibi, kwamba nyumba yetu itatoa mchungaji. Kisha siku moja kijana akarudi na godoro begani. Wiki iliyofuata alikuwa Shauri Moyo, anajifunza kukunja mabati na kutengeneza masanduku. Baba hakumfukuza wala hakumgombeza. Aliacha tu kusema naye.

"Mwambie nduguyo afunge mlango," alikuwa akiniambia, na nduguyo mwenyewe amesimama hatua mbili kutoka kwake. Nami namwambia. Nduguyo anajibu, nami narudisha jibu. Mama alikuwa akisema wataelewana, subira huvuta heri. Mimi subira sina, na nilikuwa nimechoka kufanywa simu hata nyumbani kwetu.

Kwa hiyo nakiri kwamba kesi ya Jumapili moja, miezi kadhaa baada ya miungu wetu kuzaliwa, niliitunga makusudi. Jirani alikuwa mwanafunzi wa ukasisi aliyetoroka hekalu la Mizani. Amekamatwa, analetwa mbele ya mungu mwenyewe, na kasisi wa Leso lazima amtetee. Mdogo wangu alinitazama kwa jicho la pembeni.

"Siz, hii kesi ni ya nani?" aliniuliza polepole.

Nikamwambia arushe kete.

Nilichotaka ni baba asikie tu, huko nyuma ya gazeti. Kilichotokea sikukipanga. Kesi ilipoanza, jirani alijitetea, mimi nikamkata kauli, mdogo wangu akanikata mimi, mama akaingilia kati kwamba mtoro angalau angeaga. Tukawa tunasema wanne kwa pamoja. Gazeti likashuka.

"Hiyo si mahakama," baba alisema. "Hiyo ni ajali inayongoja kutokea."

Baba alikuwa stesheni masta mpaka alipostaafu. Akatueleza, kama alivyotueleza utotoni mara zisizo na idadi, kwamba reli ilikuwa moja, na treni zinatoka pande mbili. Dereva hakuingia kipande cha njia mpaka akabidhiwe tokeni, chuma kidogo cha kushika mkononi. Mwenye tokeni anapita, wengine wanangoja. Na tokeni haitumwi kupitia mtu mwingine. Stesheni masta anaikabidhi mwenyewe, mkono kwa mkono, na kutamka kwamba njia ni nyeupe.

Jirani alisema basi hekalu letu linahitaji stesheni masta. Mama akasema anaye. Na baba, ambaye kwa miezi alikuwa akiuita mchezo wetu upuuzi wa watu wasio na shamba, alikunja gazeti, akasogeza kiti hadi kichwani pa meza, akawa Mwenye Mizani. Tokeni tukaitafuta. Kitu cha kushikika kilichokuwa karibu ni rimoti.

Alifanya kazi vizuri kupita kiasi. Alimkabidhi jirani rimoti, akamsikiliza mpaka mwisho, akaipokea. Alinikabidhi mimi, nikamshtaki mtoro kwa maneno makali, akaipokea. Alikuwa anafurahia, mpaka ilipofika zamu ya utetezi.

"Mwambie kasisi wa Leso aseme," baba aliniambia.

Nilikuwa nimesimama, kama dini yangu inavyotaka. Nikamwambia kwamba sheria ni yake mwenyewe: tokeni haitumwi kupitia mtu mwingine.

Mama aliacha kumimina chai. Baba aliitazama rimoti, akaitazama meza. Angeweza kusema mchezo umeisha, na nadhani kila mmoja wetu alingoja aseme hivyo. Lakini mtu aliyeshika njia miaka yote ile bila treni kugongana hawezi kuvunja sheria ya tokeni, hata kwa miungu wa uongo. Aliinuka, akazunguka meza, akaweka rimoti kwenye kiganja cha mwanawe.

"Njia ni nyeupe," alisema. "Sema."

Mdogo wangu aliigeuzageuza ile rimoti. Kisha akasema kwamba mtoro huyu hakukimbia kazi. Alijaribu kuomba kama wenzake, na kila alipofundishwa namna ya kuhubiri aliona anafundishwa kuigiza. Aliogopa kusimama mbele ya watu awaambie ameitwa, hali hajasikia mtu akimwita. Aliona kurudi na aibu yake ni afadhali kuliko kudanganya madhabahuni.

Jirani, mtoro mwenyewe, alikuwa ameinamisha macho.

"Hayo ni ya mtoro," baba aliuliza, "au ni yako?"

"Ni yangu, baba."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Mdogo wangu aliinua mkono kidogo. "Rimoti ulikuwa nayo wewe."

Baba aliitazama ile rimoti. Halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na mama akaanza, na jirani akamwaga chai. Mimi nililia, sioni haya kusema, nikaketi chini kinyume cha dini yangu. Mama alitoa leso ya akiba mkobani akanirushia.

Mtoro wetu hajahukumiwa hadi leo. Mwenye Mizani aliahirisha kesi ili aonyeshwe masanduku ya bati, ambayo picha zake zilikuwa kwenye simu ya mdogo wangu, na alikuwa na maswali mengi kuhusu bawaba. Yalikuwa bado hayajaisha saa moja ilipofika, na taarifa ya habari inaanza. Rimoti ilikuwa bado kwa mdogo wangu. Baba alinitazama mimi, kwa mazoea, akageuka.

"Kijana wangu," alimwambia, "tuwashie habari."