Lundo Lililokuwa Likipungua

Mjane mmoja alishona sare za shule kwa miaka thelathini, na hakuna uzi uliokwenda upogo ukampita. Ndiyo maana watu wakamwita Macho Manne. Alipoacha cherehani na kuhamia kwenye shamba la marehemu mumewe, alipanda mahindi kwa samadi mbichi; nyingine akairundika na majani nyuma ya banda la mbuzi, lundo likamfika kifuani.

Wiki ya tatu lilimfika kiunoni.

"Samadi haina miguu," alijisemea.

Akachukua futi yake ya ushonaji, akapima. Baada ya siku nne akapima tena: limeshuka shubiri nzima. Akamwaga majivu kulizunguka ili anase nyayo. Asubuhi akakuta za kuku tu. Shaka ikazidi. Mwizi gani huyu, anayejua hata pa kukanyaga?

Ng'ambo ya ua aliishi wifi yake, dada wa marehemu. Mahindi ya wifi yalikuwa kijani kilichokolea. Ya kwake manjano kama mgonjwa wa ini. Macho Manne akajumlisha moja na moja.

"Wifi, mahindi yako yamenawiri," alimwambia bombani, majirani wakisikia. "Yanakula kwa nani?"

Wifi akatua ndoo. "Usinizunguke. Sema."

"Lundo langu linakwisha."

Wifi aliiacha ndoo bombani. Alikwenda moja kwa moja kumwita bwana shamba, akarudi naye mchana uleule.

Bwana shamba alichomeka fimbo katikati ya lundo, akaichomoa, akampa Macho Manne aishike. Ilikuwa ya moto.

"Linaoza, mama. Likioza hushuka hata nusu. Hujaibiwa."

"Na mahindi yangu?"

"Samadi mbichi inagombea chakula na mmea. Mwenzio alitia iliyoiva, akaongeza mbolea ya dukani, kifuniko kimoja cha soda kila shimo."

"Hiyo ya dukani si inachosha udongo?"

"Ukiitegemea peke yake, ndiyo. Samadi inaushika udongo, ya dukani inaushibisha mmea. Zitie pamoja."

Jioni Macho Manne alibisha hodi kwa wifi. "Nimekukosea, wifi."

"Ulinikosea mbele za watu."

Kesho yake, bombani palepale, Macho Manne aliomba radhi kwa sauti, ndoo za watu zikifurika bila kuangaliwa. Wifi akamshika mkono, akampeleka nyumbani na kumpa kopo la mbolea ya dukani.

Macho Manne alishukuru, akafungua kopo, akanusa.

"Uliinunua duka gani?" akauliza, jicho moja limefumbwa.

Wifi alicheka mpaka akakaa chini.