Ngozi ya Boti

Boti ilikuja kwetu imekufa. Nataka hilo lieleweke kabla sijasema neno jingine, maana tangu mwaka jana nasikia kisimani kwamba mimi ndiye niliyeharibu boti ya watu. Sikuharibu kitu. Nililetewa maiti.

Mume wangu alikuwa dereva wa meneja wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, njia ya kwenda Kishapu. Meneja alisafiri nje, akamletea mwanawe boti ya plastiki, nyekundu chini, nyeupe juu, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Haikuwa ya kuvuta kwa kamba. Ilikuja na kisanduku chake chenye vijiti viwili, kimoja cha kuipa mwendo, kingine cha kuikata kushoto na kulia. Unasimama ukingoni na mikono mikavu, boti inakutii kwa redio. Mtoto wa meneja aliichezea kwenye tangi la bustani wiki mbili, ikagoma, akaipiga teke. Ndipo mama yake, ambaye sisi wote tunamwita Mama Meneja, akamwambia mume wangu: "Chukua takataka hii umpelekee binti yako. Hata akiifanya kibakuli."

Kibakuli. Mume wangu alinisimulia huku anacheka, kama mtu aliyepewa zawadi.

Nilipoipindua yalitoka maji, nusu kikombe, ya kijani, yananuka. Yakumbukeni maji hayo. Propela ilikuwa imebaki na panga moja. Erio ya kisanduku, yaani antena yake, ilikuwa imevunjika. Mahali pa betri palikuwa na ukoga mweupe kama maziwa yaliyoganda. Binti yangu, wakati ule ana miaka sita, aliikagua kote kote, akauliza, "Mama, imekufa au imelala?"

Nilisoma hadi kidato cha nne, na fizikia nilifaulu kuwazidi wavulana waliokuwa wakiazima daftari langu. Baada ya hapo niliolewa, nikazaa, na tangu hapo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali la kuhitaji akili. Naulizwa chumvi iko wapi. Kwa hiyo mtoto aliponiuliza lile swali, nilikaa chini.

Nilianza na ukoga. Niliukwangua kwa wembe, nikasugua na majivu mpaka chuma kikang'aa. Betri ndogo za kisanduku kile hazikupatikana Shinyanga nzima, miaka hii hata sabuni ni kwa foleni, sembuse betri. Nikafanya kama tunavyofanya na redio: betri kubwa za tochi, zilizokwisha kidogo, nikazianika juani siku mbili, nikazipanga mstari, nikazizungushia gazeti, nikafunga na mpira wa baiskeli na kupitisha waya. Kisanduku kikaning'iniza bomba la gazeti kama mtu aliyebeba mtoto mgongoni. Kikawaka. Boti nayo nikaipa betri zake, mota ikalia. Propela haikugeuka.

Chuma kinachotoka kwenye mota kwenda kwenye propela kilikuwa kimejaa mchanga na nywele. Nikakisafisha. Kilitaka kulainishwa, na ndani nilikuwa na samli ya ng'ombe, basi nikatia samli. Msicheke. Siku ile kiligeuka vizuri kabisa. Asubuhi yake nilikuta sisimizi wamepanga foleni kutoka mlangoni mpaka tumboni mwa boti, na panya amekula nusu ya mpira wa kuzuia maji. Tangu hapo nikatumia grisi ya gari, ambayo mume wangu alinipa kwenye kipande cha jani la mgomba huku akisema naharibu mali ya kiwanda. Grisi ya ukubwa wa harage.

Nyufa niliziziba kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na ulimbo, kwa sababu nta peke yake jua la kwetu linaigeuza uji. Propela nikaikata kwenye bati la kopo. Tulipoipeleka lamboni mara ya kwanza ilikwenda kinyumenyume, tena kwa mwendo mkali, kwa kuwa mapanga niliyapinda upande usiokuwa wake. Mzee mmoja aliyekuwa ananywesha ng'ombe zake pale alisimama akitutazama.

"Mwangaluka, mayu," alinisalimu.

"Mwangaluka, baba."

"Mtumbwi wako unarudi kwao kuchukua mahari?"

Nilibadilisha nyaya mbili, ikaenda mbele. Lakini kila ilipoenda mbele ilipata wazimu. Usukani ulitetemeka, boti ikajizungusha, haikusikia kijiti. Ukiisimamisha inatulia na kutii. Ukiipa mwendo inarukwa tena.

"Sasa imelewa," alisema yule mzee.

Mume wangu alisema ni mkosi, na kwamba hata waya uliokuwa unaning'inia nyuma ameshaukata kwa kuwa haukuwa na kazi. Nilimwuliza ameukata lini. Akasema siku ileile alipoileta, asije mtoto akajikwaa. Waya huo ndio uliokuwa sikio la boti. Nilimtazama mpaka akatoka nje. Nikaunganisha waya mwingine, nikausimamisha juu ya ufito, na kwenye kisanduku nikafunga spoku mbili za baiskeli mahali pa erio iliyovunjika. Ikawa inasikia kwa mbali. Wazimu ukabaki.

Jibu nililipata nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Mwenye mashine ana redio, na kila mota ya kinu inapowashwa ile redio inakoroma, taarifa ya habari inageuka mahindi. Nilisimama pale na debe kichwani nikajiona mjinga. Mota inatoa cheche, cheche zinapiga kelele, na boti ilikuwa haiwezi kunisikia kwa kelele za tumbo lake yenyewe. Nyumbani kulikuwa na redio mbovu ya marehemu baba yangu. Nikaifungua, nikatoa kapasita mbili, vidude vya kumeza kelele za cheche, nikazichomelea kwenye mota kwa msumari uliopashwa moto kwenye mkaa. Niliungua vidole vitatu.

Kesho yake boti ilikwenda mbele, ikakata kushoto, ikapita chini ya pua ya ng'ombe anayekunywa, ikarudi mpaka miguuni kwa binti yangu. Yule mzee akanishukuru, "Wabeja, mayu," kana kwamba nimempa kitu.

Hapo sikuacha. Niliikatia usukani mpana zaidi, nikaiongezea betri na kuzisogeza nyuma mpaka ikakaa sawa majini. Miezi mitatu binti yangu aliiongoza kila jioni. Alijua kusikiliza mota na kusema, "Mama, inataka grisi." Nani kwenye mtaa ule alikuwa na mtoto wa miaka sita wa kusema hivyo?

Jumamosi moja gari la meneja lilipita kando ya lambo, mume wangu akiliendesha, Mama Meneja nyuma. Gari likasimama. Akashuka, akatazama boti ikizunguka, akamwambia mume wangu, "Kumbe inafanya kazi. Kesho saa nane tuna wageni. Ilete." Binti yangu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, kisanduku kimekumbatiwa kifuani. Mama Meneja hakumtazama. Angemtazama mbuzi, lakini mtoto hakumtazama. Akapanda gari.

Mume wangu naye hakumtazama.

Nilivaa viatu nikaenda kwa Mama Meneja jioni ileile.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja na boti?"

"Nimekuja kuuliza. Boti ulimpa binti yangu."

"Nilimwekea tu," alisema, anachambua mchele, hainui macho. "Wewe si Msukuma? Ng'ombe wa mtu akiwekwa kwako unakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Mmekunywa miezi mitatu. Inatosha."

"Ng'ombe huyo alikuja mfu, Mama."

"Una mdomo, wewe. Mumeo anajua kwamba una mdomo?"

"Anajua."

"Basi kesho saa nane. Na uifute vizuri, wageni wangu si wachungaji."

Angetumia mfano mwingine wowote labda ningenyamaza. Lakini ng'ombe wa kuwekwa nawajua. Baba yangu alichunga ng'ombe wa kuwekwa maisha yake yote. Sisi tulikunywa maziwa, tukapaka mavi yao ukutani, na kila ndama aliyezaliwa alikuwa wa mtu mwingine anayekuja kuhesabu akiwa amevaa kofia. Nilikua nikijua majina ya ng'ombe thelathini na mmoja, na hata mmoja hakuwa wetu. Basi sheria zake nazijua kuliko mke wa meneja. Akifa ng'ombe wa kuwekwa, hukuiba, humlipi. Unampelekea mwenyewe ngozi, aione alama yake, mnaachana.

Jumapili asubuhi nilitandika kanga uani, nikakaa na binti yangu, tukaanza kufungua. Mume wangu alitoka akiwa ameshika mswaki.

"Unafanya nini?"

"Nairudisha."

"Sasa mbona unaifungua?"

"Nairudisha kama nilivyopewa."

Alielewa taratibu, nikaona hofu inampanda. "Mama watoto, nitafukuzwa kazi."

"Ungeyasema hayo jana mbele ya mwanao, tungekusikia wote wawili."

Kapasita zilitoka kwanza. Kisha usukani mpana, na ule mdogo wa plastiki, niliokuwa nimeuweka kwenye kopo, ukarudi. Propela ya bati ikatoka, ikarudi ile yenye panga moja. Spoku, ufito, waya wa sikio, bomba la betri. Nta niliikwangua mpaka nyufa zikaonekana. Grisi niliifuta, nikatia mchanga kidogo. Ukoga sikuweza kuurudisha, nakiri, hapo nilimpunja. Binti yangu alipokea kila kitu na kukipanga kwenye kopo bila kulia, na hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Mtoto wa umri huo angelia. Mwishoni nilichukua kikombe, nikaenda lamboni, nikachota nusu.

Wageni walikuwa wamekaa kuzunguka tangi la bustani na soda mkononi. Nilimpa Mama Meneja boti kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, adabu sikusahau. Mtoto wa meneja aliitia tangini, akabonyeza kijiti. Akabonyeza tena. Boti ilielea upande kama samaki aliyekufa, na alipoiopoa maji ya kijani yakachuruzika kwenye nyufa kuelekea viatu vya mama yake.

"Umeifanya nini?" Mama Meneja aliniuliza.

"Sijaifanya kitu. Ndivyo ilivyokuja. Hata maji yake nimeyarudisha."

"Jana ilikuwa inakwenda, nimeiona kwa macho yangu."

"Uliyoiona jana ilikuwa na vitu vyangu ndani. Ya kwako ilikufa siku uliyoitoa nyumbani kwako. Ulisema ni ng'ombe wa kuwekwa, Mama. Nimeleta ngozi."

Mgeni mmoja mnene, Msukuma wa kwetu kabisa kwa lafudhi, alipaliwa na soda. Alijaribu kukohoa ili isionekane kicheko, ikaonekana kicheko. Niliondoka kabla hajamaliza.

Mume wangu hakufukuzwa. Alitolewa kwenye gari la meneja akapewa lori la kusomba pamba kutoka vijijini. Anarudi na nyuzi za pamba masikioni na kwenye nyusi, na kwa mwezi mzima aliongea na mimi kupitia kwa mtoto: mwambie mama yako maji ya kuoga. Namwonea huruma kwa sababu barabara ni mbovu. Kwa lile la kusimama kando ya lambo mwanawe akinyang'anywa, asimtazame, bado sijamsamehe.

Wiki mbili baadaye alikuja dada anayefanya kazi kwa meneja, boti kwenye kikapu. Alikaa kwenye kigoda, ana aibu, kosa si lake.

"Mama anauliza ulitia nini ndani."

"Mwambie samli."

"Samli?"

"Samli safi ya ng'ombe. Nyingi."

Akanitazama. "Amesema pia kama unavyo vile vitu vingine, unipe nimpelekee."

Nilimwonyesha binti yangu, aliyekuwa ameketi mlangoni na kopo lake mapajani, anafunga waya kwenye spoku na kufungua, anafunga na kufungua. "Vitu vina mwenyewe, huyo hapo. Mwambie Mama aje amwombe yeye. Asalimie, akae chini, aombe. Akikubali, mimi nitachomelea bure na grisi nitatoa."

Dada yule akaenda na kikapu chake. Nasikia boti iko juu ya kabati la vyombo sebuleni kwa meneja, na sisimizi wamehamia.

Mama Meneja hajaja. Binti yangu sasa yuko darasa la kwanza. Kila nikisikia gari barabarani namwona anaweka mkono juu ya kopo, na mimi sijamwambia autoe.