Nahodha Auzwe, Asiuzwe

Saluni ilikuwa mtaa wa Sakina, kandokando ya barabara ya Nairobi, katikati ya gereji yetu na duka la vipuri. Kinyozi mwenye saluni nilisoma naye sekondari. Tulicheza pamoja timu ya kikapu ya shule, baadaye ya mkoa, yeye akiendesha mpira na mimi nikisimama chini ya goli. Shule ilipokwisha yeye akashika mashine ya kunyolea, mimi nikaingia uvunguni mwa magari. Kilichotubakiza pamoja ni timu moja ya kulipwa ya huko Marekani, tuliyoishabikia tangu kidato cha pili bila hata kujua mji wake uko upande gani wa ramani.

Mechi zao huchezwa huku tumelala, kwa hiyo tulikuwa tunaangalia marudio asubuhi, saa nne hivi, kazi zikiwa bado hazijachanganya. Usidhani ilikuwa starehe. Humo ndani watu walitukanana mpaka mishipa ya shingo inasimama. Msimu uliotangulia fundi mmoja wa rangi alirusha kiti kikavunja kioo, kisa mchezaji kakosa mtupo wa adhabu. Mimi mwenyewe niliwahi kumkaba koo mteja aliyesema hatutafika hatua ya mtoano, nikamwachia macho yalipoanza kumtoka. Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Tuliyaita hayo mapenzi ya timu.

Mwaka huo tulianza vibaya, tunafungwa nyumbani na ugenini. Nahodha wetu, pande la mtu lililokuwa likicheza nafasi yangu, alikuwa amepasuliwa goti mara mbili, na sasa alikimbia kama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Zikaja habari kwamba uongozi unataka kumpeleka timu nyingine, ili tupewe vijana wawili pamoja na nafasi ya kuchagua chipukizi duru ya kwanza. Dirisha la kubadilishana wachezaji lilikuwa karibu kufungwa, na Sakina hapakukalika.

Jumamosi moja nilitoka chini ya Fuso nikaingia saluni bila kunawa, spana ikiwa bado mkononi. Kinyozi alikuwa anamnyoa mteja. Mama mwenye duka la vipuri, ambaye aliijua timu kuliko sisi sote, alikaa kwenye benchi karibu na mlango, mkanda wa feni mapajani.

"Wamuuze leo hii," kinyozi alianza, hata salamu hakuna. "Mshahara wake unameza timu nzima. Tukipata wale vijana, mwakani tunacheza fainali."

"Wale watoto hawajui kukaba," nikasema. "Chini ya goli atasimama nani? Wewe?"

"Kwani yeye anasimama? Juzi si umeona, kila mtu anampita. Goti lile limekufa, mwanangu."

"Kaibeba timu miaka yote hiyo, leo mnamtupa kama betri mbovu."

"Tatizo siyo goti," mama akaingilia. "Kocha anamchosha. Wampunguzie dakika, awe anaingia robo ya mwisho."

"Mama, tusidanganyane. Mtu akiisha ameisha." Kinyozi akanigeukia, mashine ikinguruma mkononi. "Na wewe unamtetea kwa sababu unajiona wewe."

Hapo alinigusa pabaya. Goti langu la kulia liliachia nikiwa timu ya mkoa. Nilijiuguza kwetu Oldonyo Sambu, nikarudi mazoezini, nikaona nimepona. Lakini orodha ya watakaokwenda kwenye mashindano ya taifa iliposomwa, mimi sikuwemo. Nilimchukia kocha yule miaka mingi. Nilikuwa nikikutana naye mjini, navuka barabara.

"Goti langu lilikuwa limepona," nikasema.

"Halikupona. Wote tulikuwa tunakuona. Unadhani nani alimwambia kocha akuache?" Alizima mashine. "Mimi. Tungekwenda na wewe tungeaibika."

Sikumbuki kuamua chochote. Nakumbuka mkono ukiwa tayari juu, na mlio wa spana kwenye mfupa, chini kidogo ya jicho lake la kushoto. Ulikuwa mlio mkavu, mdogo kuliko nilivyotegemea. Alirudi nyuma akagonga meza ya vioo, chupa za spiriti zikamwagika. Mteja aliruka kutoka kitini akakimbia na shuka shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

Ningeacha hapo ingekuwa aibu ya pigo moja. Sikuacha. Nilimfuata nikampiga tena, begani, kisha mbavuni. Yeye akapapasa mezani akapata mkasi, akanichoma mkono, akauchomoa, akanichoma tena. Tulikumbatiana kama tunavyokumbatiana baada ya ushindi, tukaanguka mlangoni, tukabiringika hadi nje kwenye kokoto. Mama wa vipuri alikuwa anatuchapa wote wawili kwa mkanda wa feni huku analia: "Mtauana, nyie! Kwa ajili ya watu wasiowajua!"

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kijiwe cha bodaboda. Walichokiona wale vijana ni mtu mwenye ovaroli ya grisi, chuma mkononi, amemkalia kinyozi wao anayevuja damu uso mzima. Mmoja akapiga kelele: "Mwizi!"

Neno hilo likishatoka halirudi. Walifika kabla sijasimama. Teke la kwanza lilinitoa pumzi, la pili likanivunja meno mawili. Nilijaribu kusema mimi ni fundi wa hapo hapo, lakini mdomo ulikuwa umejaa damu na wengi wao walitoka mtaa wa Sombetini, walimjua kinyozi anayewanyoa, mimi hawakunijua. Mawe yakaanza. Nilijikunja, nikaficha kichwa kwa ule mkono uliochomwa. Kisha nikasikia sauti, tulivu kabisa, ikisema: "Leteni tairi." Tairi zilikuwa zimejaa pale, za gereji yetu wenyewe.

Kitu kizito kikaniangukia mgongoni. Nilidhani ndiyo tairi lenyewe. Alikuwa kinyozi. Alilala juu yangu mzima mzima, damu yake ikinidondokea sikioni, anapiga kelele: "Siyo mwizi! Ni rafiki yangu! Tulikuwa tunabishana mpira!" Jiwe moja lililonilenga mimi likampiga yeye mgongoni, nikausikia mwili wake ukishtuka juu ya wangu. Hakuondoka. Mama wa vipuri aliwaingilia vijana na mkanda wake, akiwachapa usoni, hadi mafundi wenzangu wakatoka gereji na kututenganisha.

Nililala mahabusu siku tatu. Yeye alilazwa, mfupa wa shavu umevunjika, na jicho la kushoto mpaka leo analiona kama anachungulia kwenye moshi. Polisi walipomfuata wodini kuchukua maelezo, alisema tuligombana na tutayamaliza wenyewe.

Baada ya mwezi baba yangu aliniambia, "Twende kwao." Tukaenda Machame, kwao kinyozi. Nilibeba jani la isale, ambalo Wachaga hulipokea kama ombi la msamaha. Mama yake alitukuta uani, akalitazama jani, akanitazama mimi.

"Shikamoo mama," nikasema.

Nilipiga magoti, nikampa jani kwa mikono miwili. Alilipokea, akaliweka juu ya gunia la mahindi, kisha akanizaba kofi ambalo sijapata kupigwa na mwanamke wala mwanamume. Baba hakusogea.

"Jani nimelipokea," alisema. "Wewe mwenyewe bado."

Nahodha aliuzwa wiki ile ile niliyokuwa mahabusu. Wale vijana wawili, mmoja alifaa, mwingine hakufaa, na mtoano hatukufika. Habari hizo nilizisikia mtaani, maana sikukanyaga saluni karibu mwaka mzima. Kinyozi ndiye aliyenifuata. Nilikuwa chini ya gari nikaona viatu vyake, nikabaki nimelala pale, naogopa kutoka.

"Nahodha wetu amestaafu," alisema kutoka juu. "Goti."

Nikatoka. Anapokutazama sasa anageuza kichwa kidogo, ili akuone kwa jicho zima.

"Nilikosea kumwambia kocha?" akauliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Miaka yote hiyo hasira yangu ilikuwa imekaa juu ya hilo. Lakini nilikumbuka mazoezi yale, jinsi nilivyokuwa nikitua kwa mguu mmoja na kuwaambia wenzangu ni viatu vinanibana.

"Hukukosea," nikasema. "Ila ungeniambia mimi kwanza."

"Ningekuambia ungenipiga."

Alikuwa anasema kweli, na wote wawili tulijua.

Siku hizi tunaangalia tena marudio, na ubishi haujaisha. Msimu huu yeye anasema tutafika mtoano, mimi nasema hatuna mtu wa chini ya goli. Nikisikia sauti yangu inapanda natoka, nasimama dukani kwa mama wa vipuri, namtazama akipanga vichujio vya mafuta hadi hasira ishuke. Ananisogezea kigoda tu.